Siagi ya karanga salama huanzia kwenye meza ya kuchambulia

Anayeanza kusindika siagi ya karanga aghalabu hununua vitu vyake kwa mpangilio huu: kwanza mashine ya kusaga, pili makopo, tatu lebo za kung'aa, na karanga zenyewe mwisho kabisa, tena kwa bei ya sokoni ya siku hiyo. Tungependa apindue mpangilio huo. Mashine, hata iwe nzuri namna gani, husaga kile ilichopewa. Ukiipa karanga mbovu itakutolea siagi laini yenye harufu nzuri, na hakuna mlaji atakayeweza kuitambua kwa ulimi wake. Ndiyo maana hapa tutakaa sana kwenye karanga kabla hazijasagwa.

Siagi ya karanga ina maadui wawili wakubwa, na lazima uwatenganishe kichwani kwa sababu dawa ya mmoja haimgusi mwingine. Wa kwanza ni sumukuvu (hapa tunamaanisha aflatoksini), yaani sumu inayotengenezwa na kuvu shambani, wakati wa kuanika na ghalani. Ikishaingia ndani ya punje, moto wa oveni unaweza kuipunguza kidogo tu, kuimaliza hauwezi. Wa pili ni salmonela, kimelea hai. Huyu moto humuua vizuri, lakini anaweza kurudi dakika tano baada ya karanga kutoka motoni, akipanda kwenye ungo, mkono au tone la maji. Sumukuvu unaizuia kwa kununua na kuchambua. Salmonela unaizuia kwa kukaanga sawasawa na kulinda kilichokaangwa. Anayedhani kukaanga sana kunamaliza yote mawili amejilinda na nusu ya tatizo.

Punje moja kati ya elfu kumi

Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka sumukuvu yote kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kila kilo ya karanga, na ile ya aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi 5. Ukitaka kuelewa jinsi kiasi hicho kilivyo kidogo, fanya hesabu hii. Chukua punje moja ya karanga yenye uzito wa nusu gramu, iliyoota kuvu, yenye sumukuvu kwa kiwango cha mikrogramu 100,000 kwa kilo. Punje za namna hiyo zipo, na zilizokwisha kupimwa zikiwa na zaidi ya hapo zipo pia. Punje hiyo imebeba mikrogramu 50 za sumu. Ichanganye na kilo 5 za karanga safi kabisa, halafu saga. Umepata kilo 5 za siagi yenye mikrogramu 10 kwa kila kilo, yaani umefika mpakani kwa sababu ya punje moja kati ya takribani 10,000.

Hesabu hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza linatia moyo: sumu haikusambaa kwenye karanga zote, imejikusanya kwenye punje chache, kwa hiyo anayezitoa hizo chache anaondoa sehemu kubwa ya sumu. La pili linatahadharisha: ukichota kiganja kimoja juu ya gunia ukakipeleka maabara, jibu safi halina maana kubwa, kwa kuwa ile punje ilikuwa chini. Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, katika utaratibu wake wa kupima karanga zinazokwenda kusindikwa, inataka sampuli ya kilo 20, isagwe na kuchanganywa yote kabla ya kuchota kidogo cha kupima. Kiwanda kidogo hakiwezi kupoteza kilo 20 kila mara, lakini kinaweza kufuata mantiki ileile: toboa kila gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchotea sampuli, juu, katikati na chini, changanya ulichotoa hadi upate angalau kilo 5, saga zote, changanya tena, ndipo uchote cha kupima. Kipimo kimoja kilichofanywa hivyo kwa mzigo mzima kina thamani kuliko vitano vya kiganja.

Wanaoona haya kama ukali wa wakaguzi wakumbuke mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu walipougua na wengine kufa baada ya kula nafaka zenye sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliougua walifika 317, na 125 kati yao walifariki. Hayo yalikuwa mahindi, lakini sumu ni hiyohiyo. Na kwa mlaji wa kila siku madhara hayaji kwa kishindo: ini huharibika polepole, saratani ya ini hupata njia, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Siagi ya karanga ndiyo tunayowapaka watoto kwenye mkate na kuwachanganyia kwenye uji. Kosa letu linaangukia kwao kwanza.

Kununua

Swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni hili: karanga hizi zilibanguliwaje? Maeneo mengi wanaobangua kwa mkono hunyunyizia maganda maji, au huyaloweka kabisa, ili yalainike na punje zisivunjike. Punje inatoka nzima, inapendeza, na inaingia kwenye kiroba ikiwa na unyevu. Siku chache za joto ndani ya kiroba cha plastiki zinatosha kuvu kuanza kazi. Karanga iliyobanguliwa kwa maji hujulikana: ganda lake jembamba limefifia rangi au lina mabaka, halipukutiki ukilisugua, na punje ukiivunja inapinda kidogo badala ya kukatika kwa mlio. Ukiweza, nunua zikiwa na maganda, ubangue mwenyewe kwa mashine ndogo ya mkono. Utavunja punje kadhaa, lakini utakuwa umeondoa chanzo kikubwa cha sumu kwa pigo moja.

Unyevu wa karanga zilizobanguliwa uwe asilimia 7, au 8 ukizidi sana. Watu wengi hutumia kile kipimo cha chupa na chumvi: unatia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, unatikisa, chumvi ikiganda kwenye kuta ujue kuna unyevu. Kipimo hicho kinafaa kwa mahindi, tena kinakuonya tu kwamba unyevu umepita kama asilimia 15. Karanga yenye asilimia 11 itakipita bila wasiwasi huku ikiota kuvu ghalani. Kama huna kipimo cha umeme cha unyevu, tumia oveni. Katakata gramu 50 za karanga vipande vidogo, pima kwa mzani unaosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, weka oveni ya nyuzi 103 hadi 105, pima tena kila baada ya saa moja mpaka uzito ukome kushuka. Kama gramu 50 zimekuwa 46.5, umepoteza gramu 3.5, unyevu ulikuwa asilimia 7. Ni kazi ya nusu siku, lakini inakupa namba ya kumwonyesha muuzaji.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kujua shamba. Kikundi cha wakulima ishirini mnaofahamiana, Kongwa au Masasi, kitakupa karanga salama kuliko dalali mwenye lori zima. Kubaliana nao mambo machache kabla ya msimu: kuvuna kwa wakati, kwa sababu karanga iliyoachwa ardhini baada ya kukomaa, hasa mvua zikikatika mapema, hupasuka na kuvu huingia, kuanika juu ya turubai au kichanja, kamwe si chini kwenye udongo, kutupa maganda yaliyotobolewa na wadudu palepale shambani. Ipo pia Aflasafe, ambayo ni punje za mtama zilizobeba kuvu wa jamii ileile wasiotoa sumu. Inamwagwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya maua, udongo ukiwa na unyevu, na wale kuvu wema huwanyima nafasi wale wabaya. Msindikaji anayelipa shilingi kadhaa za ziada kwa kilo kwa mkulima aliyeitumia hajapoteza pesa.

Ghalani, magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Gunia la katani linapumua. Kiroba cha plastiki kinatoa jasho. Na bati likivuja, hata kwa tone moja, mzigo uhamishwe siku hiyohiyo.

Meza

Sasa tumefika mahali ambapo pesa yako ya kwanza ingepaswa kwenda. Meza ya kuchambulia iwe na uso mweupe au wa bluu hafifu, urefu unaomfaa mtu aliyekaa, na taa nyeupe juu yake inayowaka hata mchana. Karanga zitandazwe zikae safu moja. Ukiona zimepandana, mchambuaji anaona nusu tu.

Kinachotolewa ni hiki: punje zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi, zenye ukungu wa kijani, manjano au kijivu, zilizotobolewa na wadudu, zilizochipua. Punje iliyosinyaa hudharauliwa kwa kuwa haina ukungu unaoonekana, kumbe mara nyingi ndiyo yenye sumu, kwani ilikulia kwenye kiu na kuvu aliikuta dhaifu. Kwa hiyo pitisha kwanza karanga kwenye chekecheo la matundu yanayoangusha punje ndogo na vipande, kisha zipelekwe mezani. Uchambuaji ufanyike mara mbili: karanga zikiwa mbichi, na tena zikishakaangwa na kutolewa ganda jembamba. Ule wa pili unafichua mengi. Punje iliyooza ndani hutoka motoni ikiwa na rangi nyeusi zaidi kuliko wenzake, au huonyesha doa la kahawia pale nusu mbili zinapoachana.

Tunataka kusema neno kuhusu malipo, maana hapa ndipo viwanda vingi vinajiangusha bila kujua. Kama mama anayechambua analipwa kwa kilo ya karanga safi aliyotoa, umemwambia kwa lugha ya pesa aziache mbovu ndani. Kila punje mbovu anayoitupa inampunguzia ujira. Mlipe kwa siku. Ukitaka kumpa motisha, mpe bakshishi kwa alichokuta, si kwa alichopitisha. Na apumzike kidogo kila baada ya saa moja, kwa sababu jicho likichoka huona rangi zote sawa.

Uwezo wa mchambuaji unapimika. Tenga kilo 2 za karanga nzuri, hesabu punje 20 mbovu za aina mbalimbali, zichanganye, mpe achambue kwa mwendo wake wa kawaida. Akikuta 18 au zaidi, vizuri. Akikuta 12, mkae pamoja muangalie zipi zilimpita. Mara nyingi ni zile zilizosinyaa, au taa ndiyo hafifu, au anahitaji miwani ya karibu. Rudia kila mwezi. Kilo hizo 2 zibaki za mafunzo daima, na zisirudi kwenye uzalishaji.

Pima uzito wa mbovu kwa kila gunia na uandike. Kama kwa kawaida unatoa kilo 2.5 kwenye gunia la kilo 50, na leo imetoka nusu kilo, ama karanga ni nzuri ajabu ama wachambuaji wamechoka. Kama zimetoka kilo 8, simamisha, pima sumukuvu kabla ya kuendelea. Daftari hilo litakuonyesha muuzaji gani wa kuachana naye mapema zaidi kuliko maabara yoyote.

Punje mbovu zichomwe au zifukiwe, na mwenye kiwanda ashuhudie. Zisiuzwe kwa mtengeneza kashata, zisiende kwa mkamua mafuta, wala zisipewe kuku. Dunia iliijua sumukuvu kupitia mifugo: mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikabainika kuwa chakula chao kilichotengenezwa kwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Ng'ombe akila, sumu hutokea kwenye maziwa. Njia zote hizo zinarudi mezani kwetu.

Moto

Kukaanga kuna kazi mbili, ladha na kuua vimelea, na ya pili ndiyo isiyoandikwa popote katika viwanda vingi. Kwenye oveni ya trei, nyuzi 160 kwa dakika 30 hadi 45 ni mwanzo mzuri, kutegemea ukubwa wa punje na unyevu wake, tabaka lisizidi sentimita 2 au 3, trei zikigeuzwa na karanga kukorogwa kila dakika 10. Tatizo ni trei ya chini kabisa karibu na mlango. Huko joto linaweza kupungua sana kuliko kioo cha oveni kinavyoonyesha. Tafuta mahali pa baridi kuliko pote katika oveni yako kwa kipimajoto chenye waya, kisha panga muda wako kwa kufuata mahali hapo, si kwa kufuata trei ya juu.

Usitegemee joto la mashine ya kusaga. Ni kweli siagi hutoka ya moto, nyuzi 60 au 70, na kwenye maziwa joto hilo lingefanya kazi kubwa. Lakini kimelea kilichozungukwa na mafuta, pasipo maji, hustahimili joto ambalo kingekufa nalo kwenye uji. Kilichopita kwenye oveni kikiwa hai kitapita kwenye mashine pia.

Kipimajoto chenyewe kihakikiwe. Barafu iliyopondwa na maji kidogo isome sifuri. Maji yanayochemka, angalia unaishi wapi: Dar es Salaam na Tanga yasome 100, lakini Arusha yatasoma takribani 95, na Njombe kama 93, kwa sababu ya mwinuko. Kipimajoto kinachosoma 100 kwenye maji yanayochemka Njombe kina kosa la nyuzi saba.

Baada ya moto, mpaka

Chora mstari sakafuni. Upande mmoja ni karanga mbichi, upande mwingine ni zilizokaangwa, na oveni ndiyo daraja. Kosa tunaloliona kuwa la kawaida kuliko yote katika karakana ndogo ni ungo mmoja: asubuhi umebeba mbichi, mchana unapepetea zilizokaangwa. Karanga mbichi imetoka ardhini, imeanikwa mahali kuku wanapita. Kila ilichogusa kimebeba alichobeba kuku. Nunua mabeseni mekundu kwa mbichi na ya bluu kwa zilizokaangwa. Ukiona jekundu upande wa bluu, hakuna haja ya kubishana. Aproni nazo ziwe mbili. Feni ya kupoozea isipulize kutoka upande wa mbichi kuja huku, kwa kuwa vumbi la maganda ndilo linalosafiri. Na mijusi: watu huwazoea, lakini hubeba salmonela kwenye kinyesi chao. Ziba matundu ya dari na uweke wavu madirishani.

Tumefika kwenye maji, na hapa tunawaomba wasomaji waliofundishwa usafi kwa ndoo na sabuni watuvumilie. Siagi ya karanga ni kavu kiasi kwamba kimelea ndani yake hakizaliani. Lakini hakifi upesi pia. Kinaweza kukaa miezi kikisubiri. Kinachokosa ni maji. Unapoosha mashine kwa maji, ukaifunga kabla haijakauka kwenye maungio, nyuma ya bamba la kusagia, chini ya mpira wa kuzibia, umekitengenezea kitalu. Nchini Marekani, mlipuko wa salmonela wa mwaka 2008 na 2009 uliotokana na bidhaa za karanga uliugusa zaidi ya watu 700 na kuhusishwa na vifo tisa. Hizo zilikuwa karanga zilizokwisha kukaangwa.

Kwa hiyo upande wa bluu usafishwe kikavu. Fungua mashine, kwangua siagi kwa mwiko wa plastiki, piga brashi, futa kwa kitambaa kikavu safi, kisha futa vipande vya chuma kwa spiriti ya asilimia 70 umeme ukiwa umezimwa na pasipo moto karibu, uache ikauke yenyewe. Kabla ya kuanza kazi, pitisha kilo moja ya karanga zilizokaangwa na uitupe; hiyo ndiyo inayofagia njia. Ikilazimu kuosha kwa maji, kwa mfano mara moja kwa mwezi, bomoa kila kitu, osha, suuza, kisha kausha vipande ndani ya oveni ya nyuzi 100 kwa saa moja kabla ya kuvifunga. Mpira usiostahimili joto ukaushwe juani na ukaguliwe kwa kidole.

Dawa ya klorini ina nafasi yake upande wa mbichi, chooni na sakafuni. Ukitumia ile ya asilimia 3.5, mililita 6 kwenye lita moja ya maji hutoa takribani sehemu 200 kwa milioni. Iweke juu ya mahali palipokwisha kusafishwa kwa sabuni na kusuuzwa. Juu ya uchafu huishia kupigana na uchafu.

Mikono vilevile: ioshwe, kisha ikaushwe kabisa. Mkono unaotiririka maji juu ya trei ya karanga zilizokaangwa ni mbaya kuliko tunavyofikiri. Na mfanyakazi anayeharisha abaki nyumbani hadi siku mbili zipite baada ya kupona, akilipwa. Asipolipwa atakuja, na hatasema.

Viungo vinavyoongezwa vina hila yake. Chumvi na sukari havina shida. Lakini unga wa pilipili, tangawizi au mdalasini uliosagwa sokoni na kutiwa baada ya kukaanga unaweza kurudisha salmonela yote uliyoiua. Nunua viungo vizima, vikaange pamoja na karanga au kando, visage mwenyewe. Tangawizi mbichi, kitunguu saumu kibichi na maziwa ya maji visiingie kamwe. Vinaleta yale maji tuliyoyafukuza. Asali huleta maji kidogo, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kuila, kwa hiyo ukiitia, lebo iseme hivyo waziwazi.

Mashine nayo hula chuma chake. Mabamba ya kusagia yakizungushwa matupu hugusana na kutoa unga wa chuma. Anza kulisha karanga mara tu mota inapowaka, zima kabla hopa, yaani mdomo wa kulishia, haijaisha karanga. Hesabu nati na bolti unapoifungua na unapoifunga, uandike namba ukutani. Sumaku kali kwenye mdomo wa kutokea itashika chuma cha kawaida, ila chuma kisichoshika kutu nyingi kitaipita, kwa hiyo kuhesabu hakuna mbadala.

Makopo mapya hayaji safi, huja na vumbi la kiwandani na la barabarani. Wengi huyaosha jioni na kuyajaza asubuhi yakiwa na ukungu wa maji chini. Yapulize kwa hewa kavu au yafute kwa kitambaa kikavu, yakiwa yameinamishwa. Kopo lililowahi kuwa na kitu kingine lisitumike.

Hesabu ya gunia moja

Karanga kilo 50. Mbovu kilo 2.5, zimebaki 47.5. Kukaanga kumeondoa unyevu wa karibu kilo 2.4, zimebaki 45.1. Ganda jembamba na kiini kidogo cha katikati vimekwenda na kilo 1.4, zimebaki 43.7. Iliyobaki mashineni ni gramu 700, kwa hiyo una kilo 43 za siagi. Ongeza chumvi asilimia 1, kilo 43.4. Makopo ya gramu 400 yatakuwa 108. Namba zako zitatofautiana kidogo, lakini zikishatulia zitakuwa mlinzi wako. Siku utakapopata makopo 116 kwenye gunia moja, ama mzani unadanganya ama mbovu zimerudi ndani. Siku utakapopata 98, kuna kilo 4 za kutafuta. Mzani upate muhuri wa Wakala wa Vipimo kila mwaka, na wewe mwenyewe uuhakiki kila asubuhi kwa jiwe la kilo moja.

Hesabu hiyo ndiyo inayobeba namba ya toleo. Andika kwenye kila kopo mwaka, siku ya mwaka na herufi ya mkupuo: 26-063-B ni mkupuo wa pili wa tarehe 4 Machi 2026. Daftarini, mbele ya namba hiyo, andika magunia yaliyotumika na muuzaji wake, uzito wa mbovu, muda na joto la oveni, aliyechambua, idadi ya makopo, na maduka yaliyopelekewa. Weka makopo mawili ya kila toleo kwenye kona yenye joto kuliko zote ya ghala lako. Fungua na uonje kila mwezi. Ladha ya rangi ya mafuta au ya kadibodi ikianza mwezi wa saba, usiandike mwaka mzima kwenye lebo. Lebo pia iseme kwa herufi zinazosomeka kwamba ndani mna karanga, na kama mashine hiyohiyo inasaga ufuta, useme na hilo.

Tangu 2019 kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) iko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), kwa hiyo usajili wa jengo na alama ya ubora unavifuata mahali pamoja, na ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, ndiyo mlango mzuri wa kuingilia kwa mdogo. Mkaguzi atauliza mengi kuhusu vigae na dari. Mwonyeshe daftari kwanza.

Kisha mara mbili kwa mwaka fanya zoezi hili bila kumwarifu mtu. Chukua kopo moja dukani, soma namba yake, angalia saa. Mwombe msimamizi akueleze, kwa daftari peke yake, karanga zake zilitoka kwa nani, makopo mangapi mengine yana namba hiyo, yako maduka gani, na simu za wenye maduka ni zipi. Zikipita saa nne jibu halijapatikana, siku ya tatizo la kweli makopo hayo yatakuwa yameshaliwa. Kinachokosekana huwa ni safu moja tu ya daftari, mara nyingi ile ya maduka, na inaweza kuanza kujazwa kesho asubuhi.